Kuulaza Mwaridi Kabla ya Baridi



Wiki hii tumeziweka kando mada tulizozizoea za malezi na mirathi, ili tujibu swali lililotufikia kutoka kwa mabinti zetu waishio ughaibuni: majira ya baridi yakikaribia, mtu aitunze vipi miwaridi yake ya bustanini isife? Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu ataweza kuuliza, sisi na theluji wapi na wapi? Kipupwe chetu cha Julai hakishuki sana chini ya nyuzi 20, nasi huanza kutafuta shuka la pili. Lakini ni nyumba ngapi katika mitaa yetu ambazo leo hazina mtoto London, Leicester, Toronto au Minneapolis? Na waridi ni ua letu sisi sote. Jina lake tumelipokea kutoka Kiarabu, maji yake tunayatia katika mrashi tukamnyunyizia mgeni wa harusi na wa maulidi, na petali zake tunazifunga ndani ya kikuba pamoja na asmini na mrihani. Mtoto wa Pwani akifika nchi ya mbali na kupata kipande cha ardhi cha hatua tatu, mara nyingi hulikumbuka ua hilo kabla ya mengine.

Tutaanza na kisa kilichotufanya tujifunze haya, kwani hatukuyajua tangu mwanzo.

Dada yetu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa vikuba. Uani kwake mlikuwa na asmini, mrihani, na mwaridi mmoja wenye maua ya rangi nyekundu iliyopauka, alioupanda katika debe kuukuu la samli. Alipofariki, binti yake alikuwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, mja mzito wa miezi minane. Hakuweza kusafiri. Mazishi ya mamake aliyasikiliza kwa simu, sisi tukiwa tumeishika karibu na kaburi. Alipojifungua na nguvu kumrejea, alikwenda katika duka la mimea, akatafuta mwaridi unaofanana na ule wa debe, akaupanda mbele ya dirisha la jikoni. Kila akiosha vyombo aliutazama.

Aliulea kama mwana. Aliutilia mbolea kila wiki hadi mwisho wa Septemba. Aliyakata maua kila yalipochanua ili mengine yaje. Oktoba usiku ulipoanza kuwa baridi, aliuonea huruma, akauzungushia nailoni nyeupe na kuifunga kwa kamba. Theluji ikaja, ikakaa, ikaondoka. Mwezi wa Mei alipoifungua ile nailoni alikuta matawi meusi. Alilia, lakini hakuung'oa. Wiki chache baadaye machipukizi yalitokeza chini kabisa, karibu na udongo, yakakua kwa kasi, na mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, yakatoa maua.

Alitupigia simu kwetu ikiwa ni usiku wa manane, kwake bado ni jioni. "Shikamoo, mjomba. Waridi la mama limerudi. Lakini limekuja jekundu, jekundu la damu ya mzee. Mjomba, si ishara hii?"

Hatukumjibu usiku ule. Mwenye kuulizwa jambo asilolijua, adabu yake ni kunyamaza kwanza. Asubuhi tulimwendea jirani yetu wa Kisauni, ambaye kazi yake ni kupandikiza miembe. Alisikiliza hadi mwisho, akatabasamu, akasema, "Sheikh, hiyo si ishara. Tawi limekufa, na shina la chini limeota."

Mti mmoja, nasaba mbili

Maneno ya jirani yetu yanahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa ndani yake mna nusu ya elimu yote ya kuihifadhi miwaridi. Mwaridi mwingi unaouzwa madukani ni miti miwili iliyounganishwa. Chini ni shina la mwaridi mwingine, mkakamavu, wenye mizizi mingi. Juu yake mkulima hubandika jicho lililochukuliwa kwenye mwaridi wenye maua yanayopendwa. Viwili hivyo hushikana, na mahali pa kushikana hufanyika fundo nene kama kifundo cha mkono. Tuliite kiungo. Kila kilicho juu ya kiungo ni ule mwaridi ulioununua, na kila kinachoota chini yake ni mwingine kabisa. Nchini Marekani shina linalotumika sana kwa kazi hiyo huitwa Dr. Huey, nalo likiachwa lichanue, maua yake huwa mekundu ya damu ya mzee.

Basi mwaridi wa mpwa wetu ulikufa mpaka kwenye kiungo, na lile shina lililokuwa likiubeba likajitokeza na ua lake. Ilitubidi tumwambie. Tulimwambia kwa upole, lakini tulimwambia kweli. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Ina maana niliuua mimi?"

Swali hilo ndilo lililotutia katika kusoma na kuulizia. Na jibu tulilolipata ni kwamba mapenzi aliyokuwa nayo yalikuwa mengi, ila yalikuja nje ya wakati wake.

Baridi huua vipi

Ndani ya kila tawi mna maji. Maji yakiganda hupanuka, na barafu ikifanyika ndani ya tawi laini huziharibu kuta zake nyembamba za ndani. Mwaridi umeumbwa na njia yake ya kujikinga. Siku zinapofupika na usiku unapopoa, huacha kuchipua, hupunguza maji katika matawi, huzidisha sukari, na gome lake hukomaa likawa gumu. Maji yenye sukari nyingi hayagandi upesi. Kila mama aliyeweka shira ya kaimati ndani ya friza anajua kwamba hubaki laini wakati maji matupu yamekwisha kuwa jiwe.

Kujikinga huko kunahitaji wiki kadhaa za utulivu, na hapa ndipo tunapoyaona makosa yaliyofanywa. La kwanza ni mbolea. Mbolea yenye naitrojeni ikitiwa mwezi wa Septemba huuambia mti uendelee kukua, nao hutoa machipukizi mororo ambayo sakitu ya kwanza, yaani umande ulioganda, huyachoma. La pili ni kukata maua. Kila ua linapokatwa, mti huharakisha kuleta jingine badala yake. Lakini maua ya mwisho yakiachwa juu ya mti yakageuka kuwa vile vitunda vidogo vyekundu, mti huona kwamba kazi ya mwaka imekwisha, ukatulia.

La tatu ni ile nailoni. Jua la mchana likiipiga, ndani huwa na joto na unyevu, na mti hudhani baridi imekwisha. Usiku joto hilo huondoka lote, na mti uliokwisha kuzinduka hugandishwa. Mchana huzinduliwa tena, usiku hugandishwa tena. Kigeugeu hicho huua miwaridi mingi kuliko baridi inayokuja mara moja ikatulia. Kifuniko kinachofaa hakikusudiwi kuupasha mti joto, kwa kuwa mti hauna joto lake kama mtu aliyejifunika blanketi. Kinakusudiwa kuidumisha baridi katika kipimo kimoja, mti ulale usiamshwe mpaka saa yake. Ndiyo maana theluji yenyewe, ikianguka mapema na kukaa, ni miongoni mwa vifuniko bora kabisa. Imejaa hewa ndani yake, nayo hauruhusu udongo ulio chini yake kupoa upesi.

Na yuko adui wa nne asiyedhaniwa, naye ni ukavu. Udongo ukiganda, mizizi haiwezi kunywa, ilhali upepo na jua la baridi huendelea kuyakausha matawi. Mwaridi huweza kufa kwa kiu ukiwa umezungukwa na theluji.

Matayarisho ya kila mahali

Kabla ya kuzitaja nchi moja moja, yako mambo ambayo mwenye bustani katika kila nchi ya baridi hayaachi.

Kwanza, mbolea ya kukuza majani isimamishwe kiasi cha wiki 6 au 8 kabla ya sakitu ya kwanza kutazamiwa. Katika miji kama Minneapolis na Toronto, hiyo ni karibu na katikati ya Agosti. Ukataji wa maua nao usimamishwe mwezi wa Septemba.

Pili, mti unyweshwe maji vyema wakati wote wa kuelekea baridi, mpaka udongo uanze kuganda. Mvua ikiwa haba, usidhani kwamba hali ya hewa ya baridi imeondoa kiu.

Tatu, majani yaliyoanguka yaokotwe na kuondolewa. Ugonjwa wa madoa meusi, ambao ni ukungu unaoyala majani ya miwaridi, hukaa ndani ya majani hayo wakati wote wa baridi, na masika ukarudi juu ya mti. Majani yenye ugonjwa yasitiwe katika shimo la mboji.

Nne, mkasi uwekwe. Kuupogoa mti sana kabla ya baridi huuamsha, na kila kidonda kipya ni mlango wa baridi. Matawi marefu yanayopigwa na upepo yafupishwe kidogo tu. Upogoaji hasa ni wa mwisho wa baridi, wakati macho ya matawi yanapoanza kuvimba na mtu anaweza kuona lipi limekufa na lipi lina uhai. Tawi lililo hai, likikatwa, ndani huwa jeupe au kijani kibichi. Lililokufa huwa la kahawia.

Tano, na hili huanza siku ya kupanda, kiungo kiwekwe mahali pake. Katika nchi zisizo na baridi kali huachwa usawa wa udongo au juu yake kidogo. Katika nchi za baridi kali huzikwa chini ya udongo kwa kina cha sentimita 5 hadi 10, na wengine huzidisha, ili hata matawi yote ya juu yakifa, kiungo kisalimike na mwaridi ule ule uchipue tena. Mpwa wetu alikuwa amekiacha kiungo nje, wazi kwa upepo, kwani hakujua lile fundo ni la nini.

Nchi ya mvua na ukungu: Uingereza

Jamaa zetu wa London na Leicester wana kazi nyepesi kuliko wote. Baridi ya huko ni ya unyevu, na mara nyingi haishuki mbali chini ya sifuri. Miwaridi mingi hukaa nje bila ya kifuniko chochote. Adui wao ni upepo wa Novemba, ambao huutikisa mti mrefu mpaka shina likalegea ndani ya udongo, maji yakaingia katika tundu na kuganda au kuozesha. Kwa hivyo huko hupunguzwa kimo cha matawi marefu kwa kadiri ya thuluthi, na udongo wa chini hukanyagwa kwa unyayo ili ushikamane. Kisha hutandazwa mboji au samadi iliyooza kuzunguka mti, bila ya kugusa shina. Upogoaji wenyewe hufanywa mwishoni mwa baridi, wengi wakiupendelea mwezi wa Februari. Tena baridi ya huko ni msimu wa kupanda. Tangu Novemba hadi Machi huuzwa miwaridi iliyong'olewa ikiwa imelala, mizizi yake mitupu bila ya udongo, kwa bei iliyo nafuu kuliko ile ya vyunguni.

Nchi ya kuganda na kuyeyuka: Toronto na mfano wake

Hapa baridi ni kali zaidi, na tena haitulii. Wiki moja ni theluji, wiki ya pili inayeyuka, ya tatu barafu. Huko hufanyika vilima. Baada ya sakitu kupiga mara kadhaa na mti kulala, kwa kawaida mwezi wa Novemba, hurundikwa udongo au mboji juu ya kiungo na chini ya matawi kwa kimo cha sentimita 25 hadi 30. Udongo huo uletwe kutoka mahali pengine. Ukiukwangua pale pale karibu na mti, utakuwa umeifunua mizizi ili kulifunika shina. Kilima kikianza kuganda, huongezwa juu yake majani makavu au nyasi kavu. Miwaridi inayopanda ukutani hufungwa matawi yake pamoja na kuzungushiwa gunia, ambalo hupitisha hewa tofauti na nailoni.

Kufunua nako kuna adabu yake. Kuelekea Aprili kilima huondolewa kidogo kidogo kwa siku nyingi, kwa kuwa mti uliotolewa gizani ghafla ukapigwa na usiku mmoja wa sakitu utapoteza machipukizi yake yote.

Nchi hiyo ya Kanada ina jambo jingine ambalo kina mama watapenda kulijua. Mtaalamu wa mimea Felicitas Svejda, mwanamke mzaliwa wa Vienna, alifanya kazi katika shamba la utafiti la serikali mjini Ottawa, na kuanzia miaka ya 1960 aliizalisha miwaridi yenye kuvumilia baridi kali bila ya kufunikwa. Aliipa majina ya wasafiri wa kale. Mmojawapo, John Cabot, ulitolewa mwaka 1978. Katika uzazi wa baadhi ya miwaridi yake alitumia damu ya mwaridi wa mwitu wa pwani za Asia ya Mashariki, unaoota juu ya mchanga wa bahari ya baridi na kustahimili chumvi yake. Miwaridi ya namna hii mara nyingi huuzwa ikiwa juu ya mizizi yake yenyewe, haikuunganishwa na shina la kigeni. Hata baridi ikiila mpaka chini, kinachochipua masika ni mwaridi ule ule. Kwa familia yenye watoto wadogo na kazi nyingi, chaguo hili lina raha kubwa.

Nchi ya baridi kuu: Minnesota

Kwa mpwa wetu, usiku wa Januari wa nyuzi 20 chini ya sifuri si wa ajabu, na baadhi ya miaka hufika 30 chini. Miwaridi laini ya madukani haistahimili hayo, hata ikiwekewa kilima. Kwa hivyo wapenzi wa miwaridi wa jimbo hilo walibuni njia yao, nayo imebeba jina la jimbo lenyewe: mwaridi hulazwa chini na kufukiwa mzima.

Aliyemfundisha ni jirani yake, mzee mstaafu wa nyumba ya pili, aliyeiona ile nailoni mwaka wa kwanza na akaona haya kusema. Mpwa wetu alipopanda mwaridi mpya, wa rangi ya ule wa debe, mzee alibisha mlango katikati ya Oktoba akiwa na kamba na jembe la uma.

Kazi huendeshwa hivi. Matawi hukusanywa na kufungwa pamoja kwa kamba ya katani, kwa uangalifu yasivunjike. Upande mmoja wa mti huchimbwa mtaro mrefu sawa na kimo cha mti. Kisha udongo wa kuzunguka mizizi hulegezwa kwa uma, kuanzia upande ulio mkabala na mtaro, mpaka mti uanze kuinama wenyewe. Kinachopinda ni mizizi, shina halipindwi. Mti hulazwa ndani ya mtaro kwa upole, hushikizwa kwa udongo, na udongo uliochimbwa hurudishwa juu yake hadi matawi yote yafunikwe kwa sentimita 5 au zaidi. Udongo hunyweshwa maji. Mwezi wa Novemba, uso wa udongo ukianza kuganda, hurundikwa juu yake majani makavu kwa kimo cha karibu sentimita 45, na wavu huwekwa juu yasipeperuke. Panya wa shambani hupenda makao kama hayo na huguguna gome, kwa hivyo majani yasiwekwe mapema kabla panya hawajatafuta makao kwingine. Aprili majani huondolewa kadiri barafu inavyoyeyuka, na mti huinuliwa kwa uma ule ule, ukasimamishwa, ukanyweshwa.

Mpwa wetu alitusimulia siku ile. Alisema mzee alikuwa akisukuma taratibu, naye ameyashika matawi asiyaache yaanguke kwa kishindo. Mwaridi ulipolala kwa ubavu ndani ya mtaro, na yeye akaombwa atie udongo, mikono yake ilisita. Alikuwa hajawahi kutia udongo popote. Wenziwe huku walipomsitiri mamake, yeye alisikia tu sauti ya majembe ndani ya simu. Alichota kwa mikono, akatia, akatia tena, na machozi yakamtoka mbele ya mzee asiyemjua sana. Mzee hakuuliza kitu. Aliendelea kusawazisha udongo upande wake.

Tulipomsikia tulimwambia asichanganye mambo mawili, kwani mwaridi umelala na mama amekwenda. Lakini hatukumkataza kulia.

Walio na vyungu

Dada zetu wengi huishi ghorofani, na mwaridi wao umo chunguni. Chungu ni dhaifu kuliko ardhi, kwa sababu baridi huizingira mizizi kutoka pande zote. Mwaridi ambao ungestahimili ukiwa bustanini huweza kufa ukiwa chunguni juu ya roshani. Mti ukiisha kulala na kupukutisha majani, chungu kipelekwe mahali pasipo na joto la nyumba lakini pasipoganda sana, kama gereji au stoo. Kinyunyiziwe maji kidogo mara moja kwa mwezi, udongo usikauke kabisa. Kisiwekwe sebuleni karibu na kipasha joto. Mti utanyimwa usingizi wake, utachipua vijiti vyembamba vya rangi ya manjano, na masika utakuwa umechoka kabla ya kuanza.

Milima ya Waarabu

Asidhani mtu kwamba baridi kwa mwaridi ni balaa tupu. Tulipokwenda Omani kwa arusi ya jamaa, tulipandishwa Jabal Akhdar, ambako bustani zimejengwa kwa ngazi za mawe kwenye uwanda wa Saiq, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, zikinyweshwa kwa mifereji ya falaji. Chini, Maskati, mwaridi ule haufanyi vyema. Juu kule usiku wa baridi hukaribia sifuri, na mara nyingine hushuka chini yake. Mwaridi wa Dameski hupumzika, kisha tangu mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Mei huchanua mara moja kwa mwaka, ukajaa mlima mzima. Maua huchumwa alfajiri, kabla jua halijaipeperusha harufu, yakachemshwa katika matanuri ya udongo, na mvuke wake hukusanywa ukawa maji ya waridi yanayotiwa katika halua na katika mirashi. Mji wa Taif nao, juu ya milima ya Hijazi, una hali hiyo hiyo ya baridi kisha machumo ya masika, na maji ya waridi huchanganywa na ya Zamzam katika kuiosha Al-Kaaba. Wenye bustani wa huko hawana haja ya kilima wala mtaro. Baridi ya kwao ni ya kadiri, nayo yenyewe ndiyo matayarisho.

Na sisi wa Pwani

Miwaridi yetu hailali, na kwa hivyo huchoka. Kipupwe, tangu Juni hadi Agosti, ndio wakati wake wa kupumua. Mvua za mwaka zikipungua, ondoeni majani yenye madoa meusi, kateni matawi makavu na yaliyopandana, lakini msipogoe sana, kisha tieni samadi iliyooza na matandazo ya majani. Wekeni mti pahali panapopata jua la asubuhi na kivuli cha adhuhuri, nyuma ya ukuta unaokinga upepo wa chumvi. Maji yatiwe chini asubuhi, yasimwagwe juu ya majani jioni.

Mwaridi wa debe la samli uko uani kwetu sasa. Dada yetu aliupanda kwa kijiti alichopewa na jirani, kwa hivyo uko juu ya mizizi yake wenyewe, na hauna nasaba ya pili.

Na kule Minneapolis, katikati ya Aprili, tulitumiwa picha. Matawi yana matope, yamelegea, hayapendezi. Lakini kwenye kila tawi mna macho madogo mekundu yaliyovimba, na mkono wa mtoto wa miaka mitatu unaonyesha moja kwa kidole. Mwaridi ule mwekundu wa mwanzo hakuung'oa. Aliuhamishia kwenye ua wa nyuma, nao haufunikwi na chochote. Alisema, "Mjomba, huo nao ulibeba mzigo."

Enyi mabinti zetu mlio mbali, hesabuni wiki zenu tangu sasa, mkitazame kiungo kiko wapi, na mkiisha kuufunika mti, uacheni ulale.

Wabillahi tawfiq.